Bati na Chuma kwenye Maduka ya Wazi Arusha: Mwongozo Kamili Kuanzia Mchoro hadi Mvua ya Kwanza

Godauni la mita 40 kwa 50 lina paa la mita za mraba 2,000 na ukingo wa mita 180. Chukua ukubwa huohuo, ugawe kuwa safu nne za maduka, kila safu mita 50 kwa 10, uzizungushe kwenye uwanja wa kuegesha magari kama maduka ya wazi yanavyojengwa hapa Arusha. Paa halijaongezeka hata mita moja, lakini ukingo sasa ni mita 480. Kila mita ya ukingo inataka flashini (bati jembamba lililokunjwa kuziba kiungo), kofia (kifuniko cha ukingo wa juu wa paa) au gata (mfereji wa maji ya mvua), inataka skrubu za ziada, na inataka fundi asiye na haraka. Nimesimamia mapaa kwa miaka mingi kati ya Kisongo na Usa River, na sijawahi kuamshwa usiku na mshitiri, yaani mwenye jengo, kwa sababu ya katikati ya bati. Ni pembeni tu.

Kwa hiyo nitapita haraka kwenye yale ambayo kila fundi anayajua, na nitakaa sana pembeni.

Kalenda kwanza

Masika yetu huanza Machi na kwenda hadi Mei, vuli hushuka mwishoni mwa mwaka. Nafasi za kufunga bati kwa amani zinabaki mbili. Januari na Februari ni fupi, na kila mwenye saiti anaigombania. Juni hadi Septemba ni ndefu, ila kuna vumbi, na asubuhi za Julai bati huwa na umande unaoteleza kama sabuni. Usimruhusu mtu kupanda mpaka likauke, hata kama ni saa nne.

Wakati msingi unachimbwa, simika mti mrefu katikati ya kiwanja, ufunge kitambaa juu, umwombe mlinzi aandike kila jioni kinapepea kuelekea wapi. Mlima Meru unaugeuza upepo kwa namna yake, na kiwanja cha Njiro hakipati upepo sawa na cha Sakina. Wiki tatu za daftari la mlinzi zitakuambia uanze kupanga bati kutoka upande gani. Kanuni ni kwamba mdomo wa maungio ya ubavuni uupe upepo mgongo. Kama upepo unatoka mashariki, bati la kwanza linalazwa mwisho wa magharibi, na kila linalofuata linapanda juu ya lililotangulia.

Kuhusu karatasi: kibali cha ujenzi cha halmashauri, michoro ya mhandisi aliyesajiliwa ERB (bodi ya wahandisi) na msanifu aliyesajiliwa AQRB (bodi ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi), mkandarasi wa CRB (bodi ya makandarasi), na Zimamoto wauone mchoro mapema. Usiwaite jengo likishakwisha. Watataka kujua gari lao litapita wapi, na kanopi, yaani paa lisilo na kuta juu ya njia ya wateja, ikishuka chini mno huziba njia hiyo.

Kununua bati bila kuuziwa jina

Dukani utaulizwa, "Unataka geji ngapi?" Jibu kwa milimita. Geji ni namba ya mezani. Kwa jedwali la Kiingereza la zamani, G26 ni milimita 0.457, G28 ni 0.376, G30 ni 0.315 na G32 ni 0.274. Tofauti kati ya G28 na G30 ni unene wa karatasi, jicho haliioni, na ndiyo maana huchezewa. Nunua maikromita, uende nayo, upime ncha ya bati mahali pasipo na mkunjo. Kisha uliza kama unene huo ni wa chuma peke yake au ni pamoja na rangi. Muuzaji anayeelewa kazi yake atajibu mara moja.

Kwa maduka nashauri G28 iwe ya chini kabisa, na G26 kwenye kanopi na kuta zinazofikiwa na watu. G30 iache nyumbani.

La pili ni ngozi iliyo chini ya rangi. Bati la aluzinki lina mchanganyiko wa asilimia 55 alumini, 43.4 zinki na 1.6 silikoni, na hudumu kuliko la zinki tupu. Lakini neno "aluzinki" halitoshi, kwa sababu tabaka linaweza kuwa nene au la kupuliziwa tu. Alama ya AZ150 maana yake ni gramu 150 kwa kila mita ya mraba, pande mbili zikijumlishwa. Omba cheti chenye namba hiyo, na uangalie alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, jua letu ni kali ingawa hewa ni baridi, na rangi nzito kama ya damu ya mzee hupauka upande wa magharibi ukiangalia. Kijivu au rangi ya mchanga huficha kupauka na huficha vumbi la Kisongo pia.

Umbo la bati nakuachia wewe, ili mradi uheshimu mwinamo. Migongo midogo inataka nyuzi 10 au zaidi. Msauzi na mabati mengine ya migongo mirefu yanaweza kushuka hadi nyuzi 5, na hata hapo mimi hupenda 6, kwa sababu papi, yaani fito inayobeba bati, ikizama kidogo kati ya kenchi mbili, mwinamo wa 5 unakuwa dimbwi.

Hesabu ya safu moja

Tuseme safu ni mita 48 kwa 10, paa la upande mmoja, mwinamo nyuzi 6. Paa litainuka mita 1.05 kutoka mbele hadi nyuma. Urefu wa bati ni mita 10.06, ongeza sentimita 5 hadi 7 za kuingia kwenye gata na kidogo cha kukata, agiza 10.15. Agiza bati zima lisilo na kiungo katikati. Ukilazimika kuunga, kwenye mwinamo mdogo namna hii laza juu ya mwenzake si chini ya sentimita 25, na tepu ya butili, ile laini ya kunata inayozuia maji, mistari miwili katikati.

Upana usihesabu wa bati lote, hesabu upana wa kufunika. Kama kiwanda kinasema milimita 760, mita 48 zinataka mabati 63.2, yaani 64. Papi kumi, moja kila mita 1.12. Papi nane za kati skrubu tatu kwa kila bati, papi mbili za mwisho skrubu nne. Jumla 2,048, kabla hujagusa flashini hata moja. Namba hii mpe mshitiri mapema, maana skrubu ndiyo kitu cha kwanza anachotaka kupunguza.

Chuma cha chini, yaani nguzo, kenchi na papi za zedi, ni kazi ya mhandisi. Mimi nina mawili tu. Papi zinyooshwe kwa kamba kabla bati halijafika, maana bati hufuata papi, na papi iliyopinda huonekana barabarani. Na kila palipochomelewa pasuguliwe na kupakwa praima ya zinki siku hiyohiyo. Kesho yake pameshakuwa pekundu, na mtu atapaka rangi juu ya kutu.

Kufunga bati

Mabati yakifika, yaweke juu ya mbao, upande mmoja ukiwa juu kidogo, yafunikwe lakini hewa ipite. Maji yakinaswa kati ya bati na bati, ndani ya siku chache yanaacha madoa meupe ya unga, na madoa hayo hayafutiki.

Bati la kwanza ndilo linalopanga mengine 63. Lipige pembe mraba kwa njia ya tatu-nne-tano: mita 3 kwenye gata, mita 4 kwenye mwinamo, mshazari uwe mita 5 kamili. Kosa la milimita 5 hapa linakuwa ngazi mwisho wa safu.

Sasa sogea karibu na skrubu moja. Ina kichwa cha pembe sita, chini yake washa ya chuma, chini ya washa kipande cha mpira mweusi. Ikikazwa sawasawa, mpira unachungulia kidogo tu, sawa pande zote, kama ukucha uliokatwa vizuri. Ikilegea, mpira hauonekani na washa inazunguka ukiigusa. Ikizidi, mpira unatoka kama ulimi, unapasuka kwa jua, na mgongo wa bati unabonyea na kuweka kisahani cha maji kuizunguka skrubu. Kijana mmoja aliwahi kuniambia, "Mzee, mpaka ilie krr ndiyo imekaza." Nilimwambia, "Dogo, ikilia krr imeshakufa." Mpe drili yenye kikomo cha nguvu, isiyogonga, na skrubu hamsini za kwanza zikague moja moja ukiwa naye.

Skrubu za paa ziingie juu ya mgongo, maji yanakopita kwa uchache. Za ukuta ziingie bondeni, bati likae imara kwenye fremu. Unga wa chuma unaoachwa na drili ufagiliwe kila jioni kwa ufagio laini. Usipofagia, umande wa usiku mmoja unaugeuza kuwa vidoa vya kutu, na mshitiri atadhani umemuuzia bati bovu. Kwa sababu hiyohiyo grenda haipandi juu ya paa langu. Cheche zake zinaunguza rangi na zinki mahali ambapo macho hayafiki. Mkasi wa bati au mashine ya kung'ata, basi.

Kuna hatua moja ambayo mafundi wengi huiruka kwa kuwa haionekani kutoka chini. Ncha ya juu ya bati, kwenye kofia, kila bonde linakunjwa juu kwa koleo mpaka lisimame kama ukuta mdogo. Ncha ya chini, kwenye gata, bonde linakunjwa chini kidogo. Mkunjo wa juu unazuia mvua inayosukumwa na upepo isipande chini ya kofia. Wa chini unafanya tone lidondoke ndani ya gata badala ya kutambaa kwa nyuma hadi kwenye papi. Kwa safu nzima ni kazi ya nusu siku. Nimeona mapaa yaliyopakwa silikoni mara nne yakiendelea kuvuja kwa kukosa nusu siku hiyo.

Chuma hutanuka. Bati la mita 10, kutoka nyuzi joto 10 za alfajiri hadi 60 za mchana juani, linaongezeka milimita 6. Kutanuka huko ndiko unakokusikia paa likilia jua linapochomoza. Kwa hiyo flashini ndefu isifungwe kipande kimoja cha mita 12 pande zote mbili. Tumia vipande vya mita 3, vilalie sentimita 15, na kiungo kipate tepu bila kukazwa kufa.

Usiruhusu bomba la shaba la kiyoyozi litiririshe maji juu ya aluzinki, wala udongo wa saruji mbichi kuigusa. Zote mbili huila.

Gata

Hapa ndipo nilipoungua. Nilisimamia safu ya maduka kando ya barabara ya Moshi, na mchoraji alitaka uso wa jengo uwe ukuta ulionyooka, gata lifichwe nyuma yake. Nilisaini mchoro wenye gata la ndani na mabomba mawili ya inchi 4. Kiangazi chote hakuna aliyelalamika. Vuli ya kwanza ilikuta mijakaranda ya jirani imechanua, maua ya zambarau yamelala ndani ya gata kama zulia, na juu yake mfuko mmoja. Saa kumi na moja jioni nikapigiwa simu na mama mwenye duka la vitenge. Hakusalimia. "Baba, njoo uone." Maji yalikuwa yamefurika kuelekea ndani, kwa sababu ukingo wa ndani ulikuwa chini kuliko ukuta wa nje. Nililipia vitenge.

Hesabu ambayo ningeifanya ni hii. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa letu la mita za mraba 480, mvua ikipiga kwa kasi ya milimita 100 kwa saa, linatoa lita 48,000 kwa saa, zaidi ya lita 13 kila sekunde. Mvua ya namna hiyo haikai saa nzima, ila dakika kumi zinatosha kuharibu duka. Kanuni ya mkono ni sentimita moja ya mraba ya tundu la bomba kwa kila mita ya mraba ya paa. Bomba la sentimita 10 lina karibu 78. Kwa hiyo mabomba saba, moja kila mita 7, na gata lishuke milimita 3 hadi 5 kwa kila mita kuelekea kila bomba.

Weka gata nje kila unapoweza. Likifurika, lifurike barabarani. Kama lazima lifichwe, toboa ukuta wa nje, uweke midomo ya kufurikia, na kina cha mdomo kiwe walau milimita 25 chini ya ukingo wa ndani. Mdomo ukitoa maji, mlinzi anajua bomba limeziba kabla mwenye duka hajajua. Gata la ndani liwe na upana wa kuingiza mguu wa mtu, maana mtu ndiye atakayelisafisha: kila wiki mijakaranda ikiwa imechanua, na mara moja mwishoni mwa Februari.

Maji hayo usiyamwage. Visima vingi vinavyozunguka Meru vina floridi juu ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na meno ya wenyeji yanajieleza. Mvua haina floridi hiyo. Paa la 480, mvua ya milimita 25, ukitoa maji ya kwanza ya kuosha vumbi, linajaza tangi la lita 10,000. Vyoo na usafi wa maduka vinatoshelezwa na hilo kwa siku kadhaa. Ya kunywa yatibiwe kwanza.

Kanopi za njia ya wateja

Duka lina kuta, upepo unalipiga. Kanopi haina kuta, upepo unaingia chini yake na kuinyanyua. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, una msukumo wa karibu kilo 55 kwa kila mita ya mraba. Bati lenyewe lina uzito wa kama kilo 4. Kipande cha kanopi cha mita 3 kwa 4 kinaweza kuvutwa juu kwa kilo 660, na kitu pekee kinachokishikilia ni skrubu, papi, bolti na zege la msingi, kwa mfuatano huo. Muulize mhandisi swali moja: "Hesabu ya kuinuliwa iko ukurasa gani?" Asipoionyesha, msiagize chuma.

Kwenye kanopi kila mgongo upate skrubu kwenye papi zote, na papi za pembeni zisogeane hadi sentimita 80. Ukingo wa mbele uwe na flashini iliyokunjwa kuzunguka ncha ya bati ili upepo usipate pa kushika ukucha.

Tatizo la pili la kanopi ni jasho. Usiku usio na mawingu wa Juni au Julai bati linapoa kuliko hewa, umande unashika chini yake, na saa moja asubuhi unadondoka kwenye meza za mgahawa. Blanketi la sufi ya kioo lenye foili, au bati lenye kitambaa cha kunyonya unyevu chini, linamaliza tatizo na linapunguza kelele za mvua pia. Mji wa Moshi uko chini zaidi na una joto, huko blanketi utalihitaji kwa sababu ya mchana.

Ukiweka mabati ya kupitisha mwanga, upande wenye kinga ya jua uwe juu, tundu za skrubu ziwe pana kuliko skrubu, maana plastiki hiyo hutanuka mara tano kuliko chuma. Na chini yake tandika wavu. Baada ya mwaka mmoja wa vumbi hufanana na bati, na mtu hukanyaga.

Kuvisha kuta

Usianzie bati chini kabisa. Jenga kiunoni kwa mawe ya kuchonga au tofali, walau sentimita 90, kwa sababu hapo ndipo bodaboda huegemea na matoroli hugonga. Bati lianzie juu ya hapo, likiwa na flashini ya kudondoshea maji nje ya jiwe. Nyuma ya bati acha nafasi ya sentimita 3 hadi 5, juu na chini iwe wazi yenye wavu wa panya, hewa ipande na unyevu utoke.

Paneli za kung'aa zenye plastiki kati ya karatasi mbili za alumini zimekuwa fasheni kwenye nyuso za maduka. Jumba la Grenfell la London liliungua mwaka 2017 na kuua watu 72, na paneli za aina hiyo zenye kiini cha polietilini ndizo zilizobeba moto juu ya ukuta. Omba kiini kisichoshika moto na uombe cheti chake, hasa kama chini kuna jiko la nyama choma. La sivyo, bati la G26 lililofungwa kwa usafi linapendeza vilevile na haliungui.

Wapangaji

Paa lako likishakabidhiwa linaanza kutobolewa. Bango, dishi, kiyoyozi, bomba la moshi. Hutazuia, ila unaweza kuandaa. Mbele ya kila duka funga reli ya chuma ya kubebea bango, imeshikwa kwenye nguzo na siyo kwenye bati. Kwenye paa la kila duka acha kola moja ya chuma iliyofungwa flashini tayari, na kifuniko, kwa ajili ya bomba lolote litakalokuja. Kwenye mkataba wa pango andika kwamba tundu lolote nje ya hapo linazibwa kwa gharama ya mpangaji, na picha za paa za siku ya makabidhiano zinaambatanishwa.

Siku ya kukabidhi

Usingoje masika. Panda na mpira wa maji ukiwa na mtu mwingine chini mwenye tochi na simu. Anza chini kabisa, kwenye gata: ziba mabomba kwa vitambaa, jaza gata, uone linafurikia wapi. Kisha panda mita moja, mwagilia dakika kumi, panda tena. Ukianzia kofia, maji yatatiririka chini kote na hutajua tundu ni lipi. Unapokuta tone, zungushia chaki, fungua kiungo, ukirekebishe kwa kukunja na tepu. Silikoni iliyopakwa juu kwa nje inaficha tu hadi mwakani.

Halafu mvua ya kwanza ya kweli ikija, nenda mwenyewe, ukiwa na koti la mvua, utembee safu zote nne chini ya kanopi bila kusema na mtu. Angalia midomo ya kufurikia. Ikiwa mikavu, mabomba saba ya kila safu yanafanya kazi. Ngazi ya paa ifungwe mnyororo, ufunguo ukae kwa meneja, na mlinzi wa usiku aambiwe kwamba fundi wa dishi hata akija na barua, apande kesho.